Sifa ya Bega

Fundi akisifiwa, aghalabu husifiwa kiganja chake. Mchonga milango wa Lamu husemwa ana mkono, mshona kanzu husemwa ana vidole, lakini bega, ambalo ndilo likipelekalo kiganja mahali pa kazi na kukisimamia hapo hata kazi itimie, halipati neno la shukurani. Nataka kulipa haki yake, na shahidi wangu ni mtupa kimia, yule mvuvi asimamaye katika maji ya mapajani, kamba ya wavu imefungwa kwenye kifundo cha mkono, sehemu ya wavu imepangwa juu ya kiwiko na sehemu imeshikwa kiganjani, akageuza kiwiliwili nyuma, kisha akaurusha kwa mkupuo mmoja, ukafunguka hewani duara kamili, na risasi za ukingoni zikagusa maji zote pamoja.

Bega lifanyalo kazi hiyo si kiungo kimoja bali ni jamaa ya viungo vinne. Cha kwanza kipo pale mtulinga ukutanapo na mfupa wa kidari, na hapo tu ndipo mkono mzima ushikanapo na kiwiliwili mfupa kwa mfupa; cha pili kipo mwisho wa pili wa mtulinga, kwenye ncha ya kombe la mkono; cha tatu ni kichwa cha mfupa wa mkono ndani ya kikombe chake; na cha nne, kisicho na gegedu wala mfuko wa kiungo, ni kombe lenyewe litelezavyo juu ya mbavu, likishikwa na misuli. Kikombe hicho ni kifupi mno, hata kichwa cha mfupa hukaa juu yake kama dafu juu ya kisahani. Nyonga ilipewa shimo refu, ikapata salama na kupungukiwa na uhuru. Bega lilipewa uhuru, na salama yake ikawekwa amana kwa misuli minne ambayo kano zake hukizunguka kichwa kile na kukivuta kikombeni kila mkono uinukapo, kisije kikapanda na kusaga kano hizo chini ya paa la mfupa lililo juu yake.

Lakini ustadi unaonistaajabisha kupita wote ni wa kombe. Ernest Codman, tabibu wa Boston, aliandika mwaka 1934 juu ya mwendo wa pamoja wa kombe na mkono, na mwaka 1944 Inman, Saunders na Abbott wakaupima: mkono uinuliwapo nyuzi 180, kama 120 hutoka katika kikombe, na 60 hutoka katika kombe ligeukalo juu ya mbavu, huku mtulinga ukipanda na kujiviringisha nyuma. Hesabu hiyo hutofautiana kwa mtu na kwa mzigo, lakini maana yake haibadiliki: kichwa kiendako, kikombe hukiandama. Mwenye shaka na aweke vidole kwenye pembe ya chini ya kombe la mwenziwe, amwambie ainue mkono taratibu. Mwanzoni pembe ile karibu haitikisiki, kisha huuacha uti wa mgongo na kuteleza kuelekea kwapani.

Ndivyo afanyavyo mtupa kimia. Ajigeuzapo nyuma, kombe husogea karibu na uti wa mgongo. Arushapo, huzunguka mbavu kwenda mbele, ili mkono usikose tegemeo hata nukta moja. Na wavu ukishaondoka, misuli ya nyuma ya bega huuzuia mkono usiufuate.

Thamani ya kombe hudhihirika zaidi lipotezapo msaidizi. Neva ya ule msuli wa ubavuni ulivutao kombe mbele ikiumia, kombe huchomoza mgongoni, na mtu mwenye kikombe kizima, kano nzima na mfupa mzima hushindwa kuufikisha mkono juu ya kichwa chake. Aghalabu mwenziwe akisimama nyuma yake, akalikandamiza kombe lile mbavuni kwa kiganja, mkono ulioshindwa hupanda zaidi.