Majalada ya Vitabu vya Vita

Wako watu, hasa katika Marekani na Uingereza, wakusanyao vitabu vyembamba vya hadithi za vita zisimuliwazo kwa picha, vilivyopigwa chapa tangu miaka ya 1950. Zamani mtoto wa Marekani alikinunua kimoja kwa senti 10, akakisoma, akakikunja mfukoni, na mwisho kikatupwa. Vile vichache vilivyosalia katika hali njema vyauzwa leo kwa bei ya ng'ombe wengi, na kinachotafutwa zaidi ni jalada. Mwalimu mwenzetu alituuliza: Yampasaje Mkristo kutazama vitu hivyo, navyo vyasifu mauaji? Swali lake ni la haki. Walakini asiyetazama hawezi kuhukumu. Basi na tutazame.

Yafaa kujua kwanza kazi ya jalada. Karatasi ya ndani ilikuwa duni, ile ya magazeti, igeukayo manjano na kumeguka kwa uzee. Jalada lilipewa karatasi bora na rangi kali, maana ndilo lililomwita mtoto apitaye dukani. Kwa hiyo mara nyingi laonyesha dakika ile kabla ya msiba: bomu limekwisha kurushwa, kifaru kimetokea nyuma ya ukuta, naye askari hajui bado. Sisi tutazamao twajua. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake, kwa kuwa dakika ifuatayo, ya mwili kulala matopeni, haionekani.

Kwa ustadi wa mkono tunayasifu majalada ya kampuni ya DC yaliyochorwa na Jerry Grandenetti. Desturi ilikuwa kuchora mistari myeusi na kujaza rangi tupu katikati. Yeye, pamoja na Jack Adler wa idara ya matengenezo ya chapa, alitumia wino uliotiwa maji, kukolea hapa na kufifia pale, kisha rangi ikawekwa juu yake. Moshi ukawa moshi, na maji ya bahari yakapata kina. Lakini macho yetu hushiba upesi. Uzuri wa mawimbi humsahaulisha mtu kwamba kuna anayezama.

Joe Kubert ni mchoraji wa namna nyingine. Alizaliwa Polandi mwaka 1926, akapelekwa Marekani angali mchanga, akafa mwaka 2012. Tangu mwaka 1959 alimchora Sajini Rock, ambaye hadithi zake ziliandikwa na Robert Kanigher: ndevu hazikunyolewa, mikanda ya risasi kifuani, kamba za kofia ya chuma zaning'inia. Mtazame usoni. Huyu hafurahii vita; amechoka nayo kama mkulima aliyechoka na jua, ila shamba halijaisha. Mwaka 1965 watu hao wawili walimtoa Hans von Hammer, rubani Mjerumani wa vita vya 1914–1918, wakamfanya adui kuwa shujaa wa hadithi, mpweke, rafiki yake mbwa-mwitu wa msituni. Si jambo dogo kumpa mtoto wa Marekani uso wa adui na kumwambia, huyu naye ana huzuni.

(Vita hivyo vilifika na kwetu, na jina la Kariakoo katika Dar es Salaam latokana na kikosi cha wapagazi. Katika majalada yote tuliyoyatazama hatukumwona mpagazi hata mmoja aliyeinama chini ya mzigo.)

Katika miaka ya 1970, Kubert alipokuwa mhariri, mwisho wa hadithi uliwekwa alama ya duara yenye maneno ya kutaka vita visipigwe tena. Twaipenda alama ile, lakini tunaona kasoro: ilikaa nyuma, na mbele jalada liliendelea kuuza hatari.

Aliyetushinda kabisa ni Harvey Kurtzman, mhariri wa Two-Fisted Tales, kilichoanza mwaka 1950, na Frontline Combat, kilichofuata mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea. Mistari yake ni minene, haina mapambo, na watu wake wamepindika kwa baridi na woga. Katika hadithi moja ya mwaka 1952 askari wa Marekani anamwua Mkorea kwa mikono yake katika mto Imjin, akimshikilia majini mpaka pumzi ikome. Kisha maiti yachukuliwa na maji, na msomaji anaombwa amhurumie. Kurtzman ndiye aliyethubutu kuionyesha ile dakika ya pili.

Nasi tunawalaumu wakusanyaji kwa jambo moja. Tangu mwaka 2000 iko kampuni ya Marekani, CGC, ipimayo vitabu hivi na kuvipa alama mpaka 10, kisha huvifungia ndani ya kasha la plastiki. Jalada laonekana, wala kitabu hakifunguki. Hadithi ya mto Imjin ikifungiwa hivyo, ni nani atakayemhurumia yule Mkorea?

Tulimpa mwalimu yule nakala ya jalada la Sajini Rock. Alilishika kitambo, hakusema neno la mauaji. Aliuliza tu, mtu huyu mara ya mwisho alilala lini?