Wimbo Uliong'olewa Maneno

Katika masomo yetu ya fasihi ya Kiswahili, wimbo huhakikiwa kwa maneno yake. Tunaugawa katika fani na maudhui, tunasaka dhamira, ujumbe na falsafa, kisha tunafunga daftari. Reggae haijaonewa na utaratibu huu. Bob Marley peke yake ana dhamira za kutosha kujaza mitihani ya miaka kumi. Lakini katika ukoo mzima wa muziki wa Jamaika, ninachokipenda kuliko vyote ni dub, na dub ni wimbo uliong'olewa maneno. Ukiuletea maswali yetu ya darasani, hauna la kujibu. Naona maswali yenyewe ndiyo yenye upungufu.

Nichukue mfano mmoja. Mwaka 1975 ilitoka santuri ya Jacob Miller, "Baby I Love You So", iliyotayarishwa na Augustus Pablo. Ni wimbo wa mapenzi wa kawaida kabisa: mwanamume anamweleza mpenzi wake jinsi anavyompenda na itakavyokuwa akiachwa. Upande wa pili kuna "King Tubby Meets Rockers Uptown", na upande huo ndio ulioishi. Wengi wanaoupenda hawajawahi kuusikia ule wa kwanza, ingawa zote mbili zimetokana na rekodi ile ile.

King Tubby, jina lake halisi Osbourne Ruddock, alikuwa fundi wa redio na amplifaya mjini Kingston. Studio yake ilikuwa nyumbani, mtaa wa Waterhouse, na haikuwa na nafasi ya bendi. Watayarishaji walimletea kanda zilizorekodiwa kwingine, naye akakaa mbele ya mitambo akipandisha sauti hii na kuizima ile. Katika kazi hii ngoma na besi zinashika njia. Gitaa linachungulia na kutoweka. Melodika ya Pablo, kile kinanda kidogo cha kupuliza, inapita kama mtu anayetembea peke yake usiku. Halafu Miller anaingia, neno linakatwa kabla halijaisha, na mwangwi unalibeba mpaka linapotea. (Usiisikilize kwa spika ya simu. Besi yote itakupita, na utadhani nimetia chumvi.)

Sasa tuulize swali la mhakiki: maudhui yako wapi? Katika upande wa kwanza mwimbaji anasema anaogopa kuachwa. Katika upande wa pili ameshaachwa. Vipande vya sauti yake vinaita na hakuna anayeitika. Tubby hakuongeza hata neno moja, ila maana imesogea mbele kuliko pale mashairi yalipoifikisha. Kwangu huo ni utunzi, na fundi yule anastahili kuitwa mtunzi.

Sisi wa Kiswahili hatukupaswa kushangazwa na jambo hili. Taarabu ya Unguja ina bashrafu, kipande cha ala tupu kinachopigwa kabla waimbaji hawajaanza. Katika uhakiki mwingi wa taarabu niliousoma, bashrafu inarukwa ili tufike haraka kwenye mafumbo na vijembe.

Kuna pingamizi, tena zito. Dancehall ilipokuja, hasa baada ya "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith mwaka 1985, mdundo mmoja ulibeba nyimbo za waimbaji chungu nzima, na baadhi ya nyimbo za dancehall zina maneno ya kuogofya. "Boom Bye Bye" ya Buju Banton inahimiza kuwapiga risasi mashoga. Mwenyewe alitangaza mwaka 2019 kuuondoa katika orodha ya nyimbo zake. Hapa Kampala tunacheza dancehall ya Jamaika bila kuielewa Patwa, na nimesikia watu wakijitetea kwamba wao wanafuata mdundo tu. Je, hoja yangu haiwapi kisingizio?

Haiwapi. Tubby aliyasikiliza maneno yote kabla ya kuamua lipi libaki na lipi likatwe, na uamuzi huo unasikika. Anayecheza bila kujua kinachosemwa hajakata chochote. Maneno yako pale pale, yanafanya kazi yake masikioni mwa wanaoyaelewa. Kwa sababu hiyo sitaki uhakiki wa maneno ufutwe. Nataka mwanafunzi apewe pande zote mbili za santuri ya Miller, aulizwe ni neno gani lilikatwa, lilikatwa wapi, na kimya kilichofuata kinasema nini. Miller alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1980, na Tubby aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake mwaka 1989. Swali hilo bado linaweza kujibiwa kwa masikio tu, katika muda usiozidi dakika tano.