Mpingo, Tajiri na Shetani

Mtu atazamaye sanamu ya shetani ya Kimakonde, yenye jicho moja na mkono uliogeuka sikio, aghalabu hudhani kuwa ameshika kitu cha kale kilichorithiwa kwa mababu wa uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Walakini namna hiyo ya uchongaji ilidhihiri Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na duka ndilo lililokuwa mkunga wake.

Wamakonde waliovuka Mto Ruvuma kuja Tanganyika kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge walikuja na ustadi wa kuchonga mapiko, barakoa zivaliwazo kichwani katika ngoma za jando na unyago, na kwa kuwa mchezaji hawezi kuruka akiwa na mzigo kichwani, barakoa hizo zilichongwa katika mti mwepesi na laini. Wanunuzi wa Kizungu hawakuuhusudu mti huo. Walitaka kitu cheusi, kizito, king'aacho, kipendezacho juu ya meza. Basi wachongaji wakahamia kwenye mpingo, na kwa rai yangu hapo ndipo mageuzi yote yalipoanzia, kwa maana matakwa ya soko yaliingia katika mti kabla ya kuingia katika fikira za fundi.

Mpingo ni mti mkaidi. Huzama majini kwa uzito wake, hukua kwa miongo mingi kabla ya kufaa kukatwa, na shina lake ni jembamba, limepinda, na mara nyingi lina nyufa na mashimo ndani. Fundi aliyeagizwa achonge mzee wa mkongojo au mwanamke mbeba maji, aliyesimama wima, hana budi kutupa sehemu kubwa ya gogo. Shetani aliigeuza taksiri hiyo kuwa faida: pindo la mti likawa mgongo, shimo likawa kinywa au tumbo, na hakuna awezaye kulalamika kwamba shetani hafanani na mtu. Samaki Likankoa hutajwa kuwa mwanzilishi wa namna hii, na Mohamed Peera, tajiri wa Kihindi aliyekuwa akinunua kazi za Wamakonde mjini, aliipokea na kuitia moyo.

Namna ya pili, ile ya watu wengi waliopandiana, husemwa ilianzishwa na Yakobo Sangwani, na jina la ujamaa likaienea katika zama za siasa hiyo. Hapa fundi huliacha gogo na umbo lake la mviringo. Hulimenya kwa tezo, kisha kwa patasi hupenya baina ya mkono wa mmoja na mguu wa mwingine mpaka nuru ipite. Baadaye huja tupa, kisha msasa. Kosa moja la patasi katikati ya nguzo hiyo huweza kuangamiza kazi ya majuma.

Tajiri wa kwanza alilipia kitu ambacho hajapata kukiona. Waliomfuata wakalipia kile walichokwisha kukiona kwa jirani yao, tena kiwe kidogo kiingie katika sanduku la safari. Nguzo zikafupika, nyuso zikafanana. Shauku ya weusi ikazaa hila: mti wa rangi hafifu ukasuguliwa dawa ya viatu na kuuzwa kwa jina la mpingo, hata wapo mafundi waachao kwa makusudi ukanda wa tabaka jeupe lililo chini ya gome, uwe shahidi wa weusi wa kiini. Kwa hukumu yangu, taksiri ya unakili huu ni ya mnunuzi zaidi kuliko ya mchongaji, ambaye ana watoto wa kulisha.

Basi, ewe msomaji, ukifika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, kununua sanamu, ipime uzito mkononi, ipindue uitazame kitako, na kabla ya kutaja bei uliza jina la aliyeichonga. Kisha umwombe akuonyeshe kazi ambayo hakuagizwa na mtu.