Maneno Yanayoganda Kichwani: Kauli ya Mwenge Itazamwapo Kutoka Tarakea

Kuna maneno ambayo mwanadamu hayatafuti, yenyewe humtafuta. Mtu yuko shambani akipalilia, au yuko njiani kwenda sokoni, mara ulimi wake unatamka kipande cha methali, au wito uliotangazwa redioni zamani, naye hakumbuki ni nani aliyemfundisha wala ni siku gani alijifunza. Maneno hayo yameganda kichwani. Hayaondoki kwa kufukuzwa, na aghalabu hurudi wakati ambao hayakuitwa. Taifa letu, ambalo kwa sehemu kubwa limejengwa kwa nguvu ya maneno yaliyosemwa hadharani, lina akiba kubwa ya maneno ya namna hii: methali za wahenga, semi za kwenye khanga, ngonjera za shuleni na wito wa viongozi.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza kauli moja tu miongoni mwa hizo, nayo ni kauli ya Mwenge wa Uhuru. Tutauliza ni kitu gani katika umbo lake kinachoifanya igande, na kama kuganda huko ni sawa na kueleweka. Tutaitazama kutoka Tarakea, mji wa wilaya ya Rombo ulio mpakani na Kenya, kwenye miteremko ya Kilimanjaro upande wa kaskazini-mashariki. Kwa maana kauli inayotaja mlima na mipaka yafaa ipimwe mahali ambapo watu wanaishi kati ya mlima na mpaka.

Asili ya kauli hii inajulikana. Tarehe 22 Oktoba 1959 Mwalimu Julius Nyerere, akisema kwa Kiingereza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, alieleza kwamba watu wa nchi hii wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya Kilimanjaro, ili nuru yake ivuke mipaka na kuwapelekea wengine tumaini, upendo na heshima. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikipandia kilele hicho akiwa na mwenge na bendera ya taifa jipya. Kilele ambacho tangu mwaka 1889 kilikuwa kimebandikwa jina la Kaisari wa Ujerumani kikaitwa Uhuru. Tangu mwaka 1964 Mwenge umekuwa ukikimbizwa nchini, na kauli yake, katika sura ya Kiswahili, imekaririwa na vizazi vya wanafunzi.

Mbona kauli hii inashikwa upesi hivyo? Sababu ya kwanza ni umbo. Methali isemayo haraka haraka haina baraka hukaa kichwani kwa sababu ya sauti zinazofuatana. Ile ya mtaka cha mvunguni hukaa kwa sababu inatuonyesha mtu akiinama. Kauli ya Mwenge ina vyote viwili. Ina picha moja isiyosahaulika, ya moto juu ya theluji. Tena ina jozi tatu zilizopangwa kwa mizani inayokaribiana, kila jozi ikiwa na jema linaloletwa na baya linalokutwa. Anayeikariri akifika jozi ya kwanza, ya pili inamvuta. Akifika ya pili, ya tatu anaidai. Tatu ni hesabu ambayo sikio huipenda: moja ni taarifa, mbili ni ulinganisho, tatu ni mwendo.

Sababu ya pili ni kwamba mwendo huo ulikwisha kuzoeleka masikioni mwa watu wengi. Iko sala mashuhuri ya Kikristo ambayo watu huihusisha na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ijapokuwa ilichapishwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1912, wala haikuandikwa naye. Sala hiyo nayo inaomba upendo palipo na chuki, na tumaini pasipo na tumaini. Mkoa wa Kilimanjaro ni mkoa wenye makanisa na shule nyingi za misheni, na Mwalimu mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Si ajabu maneno ya namna hii yakapata masikio yaliyokwisha kulainishwa. Lakini hapa mhakiki hana budi kuwa makini. Jozi ya tatu, ya heshima na dharau, haimo katika sala hiyo. Hiyo ni jozi ya mtu aliyetawaliwa. Anayeomba katika kanisa la nchi huru aweza kuridhika na upendo na tumaini. Aliyeitwa boi akiwa na mvi kichwani anajua kwamba kuna kitu cha tatu kinachopungua. Kwa maoni yetu, jozi hii ndiyo inayoifanya kauli yote kuwa ya Kiafrika.

Kiswahili nacho hakikuwa chombo cha kupitishia tu. Kiliyafanyia maneno hayo kazi. Mshumaa uligeuka kuwa mwenge. Mshumaa hukaa mahali pamoja, na upepo huuzima. Mwenge hubebwa, na mkono mmoja huupokeza mkono mwingine. Bila badiliko hilo kusingekuwa na mbio. Tena, nia ya mwaka 1959 iligeuka kuwa jambo lililotimia: watu ambao wangependa kuwasha wakawa watu waliokwisha kuwasha. Na neno la Kiingereza lililotaja unyonge anaousikia mtu ndani yake likawa dharau. Tofauti yake ni kubwa. Unyonge waweza kuwa hali ya moyo wa mtu mmoja, lakini dharau ni tendo: lina mtendaji na mtendewa. Palipo na dharau, yuko anayedharau.

Jambo la mwisho katika umbo, ambalo kwa kawaida halisemwi darasani, ni kiambishi pa-. Sarufi inatufundisha kuwa pa- huonyesha mahali dhahiri panapojulikana, ku- huonyesha mahali pasipo dhahiri, na m- huonyesha ndani. Kauli ya Mwenge katika jozi zake zote inatumia pa-. Haisemi kwamba kuna chuki duniani kwa jumla; inasema pana mahali, pahali hasa, penye chuki, na pengine palipojaa dharau. Kwa hiyo sarufi yenyewe inamdai msemaji ajibu swali: ni wapi hapo? Anayeikariri kauli bila kujiuliza swali hilo amelibeba ganda na kuliacha tunda.

Na sasa tuje Tarakea. Upande wa mlima kuna Mawenzi, kilele cha mashariki, na nyuma yake Kibo chenye Uhuru. Upande wa pili, umbali wa kutembea kwa miguu, iko nchi ya Kenya, na mji wa Loitokitok hauko mbali. Mpaka huu haukuchorwa na wakazi wake. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana, na mstari uliotoka pwani kuelekea Ziwa Victoria ukapindishwa kuuzunguka mlima, ili Kilimanjaro ibaki upande wa Wajerumani. Hapa pana mfano mwingine wa maneno yanayoganda. Wengi wamesikia kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, mlima huu uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo hushikwa mara moja, nayo si kweli: Wilhelm alikalia kiti cha ufalme mwaka 1888, miaka miwili baada ya mapatano. Lakini tarehe haina picha, na zawadi inayo. Hivyo zawadi imebaki vichwani na tarehe imeanguka. Tunajifunza hapo kwamba kuganda kwa neno si ushahidi wa ukweli wake.

Kauli ya Mwenge inataja nuru ivukayo mipaka. Kwa mtoto wa Dodoma au Tabora, mipaka ni mistari katika ramani. Kwa mtoto wa Tarakea, mpaka ni njia anayoiona. Sasa, mwezi Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Hatukusudii hapa kuamua nani alikuwa na haki katika ugomvi ule wa ndege, reli na madeni. Tunataka kutazama yaliyotokea katika lugha. Njia ya sokoni ikawa njia ya magendo. Mtu wa ng'ambo, ambaye aliitwa kwa ukoo wake au kwa biashara yake, akaanza kuitwa kwa nchi yake. Na katika miaka hiyo hiyo watoto wa shule waliendelea kufundishwa kauli ya mwenge uangazao nje ya mipaka.

Tena kulikuwa na maneno mengine yaliyoganda wakati ule. Upande wetu jamii ya Kenya iliitwa jamii ya mtu kula mtu, na neno nyang'au likawa la kila siku. Upande wa pili ukajibu kwamba afadhali hiyo kuliko jamii ambayo mtu hana cha kula. Yatazameni maneno hayo kwa jicho la fasihi: ni mafupi, yana mizani, la pili linalijibu la kwanza kama katika ngonjera. Yaliundwa kwa ufundi ule ule ulioiunda kauli ya Mwenge, na yaliganda vivyo hivyo. Lakini yalikuwa ni dharau tupu. Hivyo kichwa kimoja cha mwananchi kilibeba heshima iletwayo na mwenge na dharau iletwayo na mzaha wa siasa, wala hayakugombana, kwa sababu hakuna aliyeyaweka pamoja.

Haki inatutaka tuseme upande wa pili pia. Katika miaka hiyo hiyo nuru hiyo ilivuka mipaka mingine kwa kweli. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Wapigania uhuru walipokelewa Kongwa, Nachingwea na Mazimbu. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975 na Zimbabwe mwaka 1980. Kusini kauli ilikuwa na mahali pake pa-, na wananchi walipajua, wakapatolea mali na damu. Kaskazini, chini ya mlima wenyewe, mahali hapo hapakutajwa. Mwenye kuhakiki kauli hii akitaja kusini tu, au kaskazini tu, ameisoma nusu.

Yuko atakayesema: basi maneno haya hayana kazi, na kukariri ni kupoteza wakati. Hatukubaliani naye. Tukumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Maneno hayo matatu yaliganda nchi nzima, lakini hayakuachwa peke yake. Yalikuja na vipindi vya redio, vijitabu na vikundi vya kujifunza, ambamo karibu watu milioni mbili walishiriki, na kila kikundi kilikuwa na kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuondoa madimbwi. Aliyesema Mtu ni Afya alijua shimo liko wapi. Kasoro, basi, haiko katika kukariri. Iko katika kukariri neno lisilopewa mahali.

Na kukariri kwenyewe kuna faida ambayo hatupaswi kuibeza. Neno lililoganda hungoja. Laweza kukaa kichwani miaka ishirini bila maana, kisha siku moja mwenye nalo akafika mahali linapopahusu, likamfunukia. Aliyelikariri anacho cha kufunuliwa, asiyelikariri hana. Lakini kazi ya mwalimu si kungoja bahati hiyo.

Kwa hiyo twapendekeza kwa walimu wa sekondari mambo mawili. Kwanza, kauli ya Mwenge isomwe kama kazi ya fasihi, kwa kuchambua picha yake, jozi zake na viambishi vyake, kama tunavyochambua shairi. Pili, wanafunzi watakiwe kuzijaza pa- zake. Kila mmoja ataje, katika kijiji au mtaa wake, mahali pamoja pasipo na matumaini, pamoja penye chuki na pamoja palipojaa dharau, na aeleze ni nani anayedharau na ni nani anayedharauliwa. Huenda majibu yakawa machungu: mtumishi wa ndani asiyeitwa kwa jina, mlemavu asiyesalimiwa, mjane anayenyang'anywa kihamba, mgeni wa kutoka ng'ambo anayechekwa lafudhi yake. Mwalimu asiogope majibu hayo.

Mkataba uliofufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na leo watu na mizigo hupita Tarakea kwenda na kurudi kwa taratibu zinazojulikana. Lakini mikataba haiondoi maneno vichwani. Nyang'au na mwenge vyote vimo humo bado, na kila ugomvi mdogo wa mahindi au wa vibali unaweza kuliamsha mojawapo. Ni wajibu wa shule zetu kuhakikisha kwamba siku hiyo mwanafunzi wa Tarakea, na wa kila mahali, analijua jina la mahali ambapo mwenge uliagizwa kumulika.