Sifa ya Mwenye Kuarifu Hitilafu

Mjini Kolwezi, ingawa mabwawa ya Nzilo na Nseke yaliyojengwa juu ya Mto Lualaba katika miaka ya 1950 hayako mbali, umeme huweza kukatika pasipo taarifa, karani wa ofisi ya uchapaji akiwa katikati ya barua ya mteja. Na urejeapo, kompyuta yake yenye Linux huamka kana kwamba haijapata kumjua, upau wa eneokazi umetoweka, na kibodi, iliyokuwa imepangwa kwa desturi ya Kifaransa ya Kongo, imerudia mpango wa Kiingereza, hata kila agongapo A hupata Q.

Mwenye papara hufuta kila kitu na kusimika mfumo upya, akazika ushahidi pamoja na maradhi. Fundi wa kweli hustahimili: hufungua akaunti mpya katika kompyuta ile ile, na eneokazi likitokea zima, hujua kuwa ila haimo katika programu yote, bali yamkini katika faili za mipangilio ya yule karani; naye fundi akiingia katika folda iliyofichwa ya .config, hukuta faili zilizoandikwa punde kabla ya giza zina baiti 0, ilhali za zamani zi salama.

Hitilafu ya namna hiyo iliwahi kuarifiwa Januari 2009, na mtumiaji wa Ubuntu aliyeona faili za eneokazi lake la KDE zimebaki tupu baada ya kompyuta kuzimika ghafula. Theodore Ts'o, mmoja wa waundaji wa mfumo wa faili wa ext4, alibainisha sababu: ext4 hukawia kuiteremsha data diskini, na programu zilizoandika upya faili zao bila kuhakikisha kwamba data imefika zilikuwa zikijitia hatarini. Mjadala ulikuwa mkali, hawa wakizilaumu programu, wale wakiulaumu mfumo. Lakini kerneli ya Linux 2.6.30, iliyotoka Juni mwaka ule, ilikuja na hifadhi dhidi ya hasara hiyo.

Fadhila ya arifa njema ni uaminifu wa shahidi, apambanuaye aliyoyaona kwa macho na aliyoyadhania moyoni. Wachimbaji wa shaba wanafahamu kwamba sampuli isiyoandikwa shimo ilikotoka wala kina chake, hata ikiwa malakiti ya kijani kibichi, haimwelekezi mtu popote. Hali kadhalika kauli ya kwamba “eneokazi limeharibika”, isiyotaja toleo la programu, hatua zilizofuatwa, lililotarajiwa na lililotokea. Arifa huwa imetimia pale ambapo mtunzi wa programu aliye Ulaya, asiyepata kuishi na umeme wetu, akizifuata hatua zile moja baada ya moja na kuchomoa waya pale alipoelekezwa, ataliona kosa lile lile katika kompyuta yake mwenyewe, na asiwe tena na hoja ya kulikanusha.