Insha Isiyo na Mapepe

Mnunuzi wa alizeti anayeijua kazi yake, akifika Mtinko, huku Singida, haanzi na bei. Anachota konzi moja kutoka kwenye gunia, anamenya mbegu chache kwa kucha na kuangalia kama ndani mna kiini. Kisha anaomba ungo. Anarusha mara mbili, tatu. Nzito zinarudi, mapepe yanapeperuka.

Insha ya kuombea chuo nayo ina ungo wake. Nimesoma rasimu nyingi za vijana wa huku, na kila mwaka naona wale wale wenye akili wakipeleka gunia lililojaa mapepe, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha namna ya kupepeta.

Inatakiwa wapi

Vyuo vyetu vya ndani haviitaki. Dirisha la udahili likifunguliwa, kinachotazamwa ni tahasusi yako na matokeo ya kidato cha sita. Ndiyo maana kijana anamaliza shule akiwa ameandika insha juu ya ukataji miti na faida za elimu, lakini hajawahi kuandika hata ukurasa mmoja juu yake mwenyewe.

Nje mambo ni mengine. Chuo Kikuu cha Ashesi kule Ghana, African Leadership Academy ya Johannesburg, shule za UWC, ambazo tangu 2019 zina tawi letu Moshi na Arusha, na vyuo vingi vya Marekani, vyote hutaka kukusikia ukijieleza. Common App, mfumo unaotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, unakupa maneno 650 na si zaidi. Mwaka 2024 walioomba Harvard walizidi 54,000, na waliokubaliwa hawakufika 2,000. Wengi wa walioachwa walikuwa na alama nzuri tu. Msomaji ameshaziona alama zako kwenye karatasi nyingine. Kwenye insha anatafuta kile ambacho alama haziwezi kusema.

Kipimo cha kwanza: badilisha jina

Hii hapa sentensi ninayokutana nayo kila msimu: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa daktari ili niisaidie jamii yangu inayokabiliwa na changamoto nyingi." Futa jina la mwandishi, weka la kijana wa Lindi. Inafaa. Weka la kijana wa Kisumu. Bado inafaa. Sentensi inayomfaa kila mtu ni pepe.

Sasa sikia hii: "Kwenye mashine ya kukamua nilipewa kazi ya kuandika daftari. Magunia mawili yalilingana kwenye mizani, lakini moja lilitoa lita 17 na jingine 13. Baba alisema mbegu za jirani ni mbovu. Mimi nikaanza kuandika pia tarehe ya kuvuna."

Hapo huwezi kubadilisha jina. Angalia pia kisichokuwemo: hakuna neno "mdadisi" wala "mchapakazi". Mwandishi ameandika tarehe ya kuvuna, na msomaji atayasema hayo maneno mwenyewe.

Kipimo cha pili: tafuta pale alipokosea

Insha hafifu huenda moja kwa moja kutoka ndoto hadi ushindi. Insha iliyoiva ina mahali mwandishi alipoamini jambo, likamgeuka. Yule wa daftari aliendelea hivi: alidhani tofauti inatokana na aina ya mbegu, mpaka tarehe zilipomwonyesha kwamba gunia la lita 13 lilivunwa kabla halijakauka. Sehemu ya uzito uliopimwa ilikuwa maji. Jirani hakuwa na mbegu mbovu. Alikuwa na deni, akavuna mapema.

Neno hilo "deni" ndilo linalonifanya niiheshimu insha ile. Alianza kuchunguza mbegu akaishia kumwelewa mtu. Chuo kinataka mwanafunzi ambaye ukimpa ushahidi anabadili mawazo, na hapa ameonekana akifanya hivyo.

Kipimo cha tatu: umaskini unafanya kazi gani?

Vijana wengi wameambiwa kwamba wazungu hupenda taabu. Basi wanaanza na kibatari, njaa, na kilomita nane za kwenda shule kwa miguu. Mambo hayo ni ya kweli, na hakuna sababu ya kuyaficha. Lakini waliotembea kilomita nane ni wengi mno. Msomaji atakuonea huruma, kisha ataendelea na faili linalofuata.

Jiulize: ndani ya hizo kilomita nane ulifanya nini? Binti mmoja aliandika kwamba njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kumweleza bibi yake, kwa Kinyaturu, maelezo ya vidonge vya presha aliyoyasoma kwa Kiingereza kwenye boksi. Umbali ule ule, vumbi lile lile, lakini kichwa kinafanya kazi. Umaskini ukiwa ndio mzigo wote, gunia ni jepesi. Ukiwa barabara ambayo mzigo unapitia, uache ulipo.

Kipimo cha nne: sikiliza sauti

Kijana wa Mtinko anaota kwa Kinyaturu, anacheka kwa Kiswahili, kisha anatakiwa kujieleza kwa Kiingereza. Hapo ndipo anapokimbilia kamusi, au steshenari ambako kuna "mfano" uliokwishanakiliwa na nusu ya darasa. Siku hizi wengine wanakimbilia akili mnemba, ambayo huwapa insha laini isiyo na mtu ndani. Common App inahesabu kuwasilisha maandishi hayo kama yako kuwa ni udanganyifu.

Dawa ni ya kienyeji. Simulia kwanza kwa Kiswahili, kwa mdomo, kwa mtu anayekujua. Kisha andika Kiingereza chako mwenyewe, sentensi fupi. Msomee tena yule yule. Akisema "huyu siyo wewe", rudi mezani. Kosa dogo la sarufi halijawahi kunifanya niitupe rasimu; sauti ya kuazima imenifanya nitupe nyingi.

Kipimo cha tano: lumbesa

Wakulima wa vitunguu wanaijua lumbesa: gunia lililojazwa likashonewa kichwa juu yake, mnunuzi akiondoka na zaidi ya anacholipia. Insha nayo hushonewa kichwa. Ukiranja, klabu ya mazingira, kwaya, cheti cha mbio za mita 800, halafu ahadi ya kuibadilisha Afrika. Vyeo vina sehemu yake kwenye fomu. Insha ibebe jambo moja, na iishie pale jambo lenyewe lilipofikia.

Na usiharakishe. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai, na vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Novemba na Januari mwanzoni. Rasimu ilale wiki mbili kama kitunguu kinachokaushwa shingo. Kinachofungwa kibichi huoza ndani ya gunia, na hutajua mpaka harufu itoke.

Yule binti wa vidonge aliniletea rasimu ya maneno 640. Tukakaa kwenye benchi, akasoma kwa sauti. Kila sentensi inayoweza kubadilishwa jina akaikata mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kuanzia aya yote ya kwanza, ile ya ndoto ya utotoni.

"Mwalimu, mbona yamebaki mia nne tu?"

Nikamwambia alizeti tuliacha siku nyingi kuipima kwa debe. Tunaipima kwa mizani.