Kisangani kwa siku mbili: wanakula, wanapiga picha, halafu wanaandika nini?

Ndugu wasomi, maandishi ya namna hii tunayajua wote. Mgeni anashuka Bangoka siku ya Ijumaa, anapanda toleka ju ya picha, Jumamosi anapelekwa Wagenia, jioni anakula liboke na lituma kando ya mto, na Jumatatu amekwisha kurudi Kinshasa ao Bruxelles. Kisha andiko linatoka: maporomoko, mitego, samaki, jua linazama, basi. Na sisi tunaligawa kwa marafiki, ju mji wetu umetajwa. Leo tulisome sawa vile wasomi wanasoma, tulipe pointi linazostahili.

Kwanza tuwe wa haki: siku chache peke yake si kosa. Joseph Conrad alifika hapa na meli Roi des Belges mwezi wa 9 mwaka 1890, wakati mji ulikuwa ungali kituo cha Stanley Falls. Alikaa siku chache tu, na safari ile ikazaa Heart of Darkness, kitabu ambacho dunia ingali inakisoma. V.S. Naipaul alipita Zaire mwaka 1975, na nyuma ya miaka 4 akatoa A Bend in the River, riwaya ya mji usiotajwa jina kwenye kona ya mto mkubwa. Boyomais yeyote akiisoma anautambua mji wake.

Naipaul alikuwa na jicho. Zabeth, mama mchuuzi anayetoka kijijini na mtumbwi kununua vitu dukani kwa Salim, ni mtu wa kweli kabisa. Akina mama wa namna ile tungali tunawaona bandarini. Lakini angalia kwenye jicho lile limesimama: nyuma ya meza ya duka. Zabeth anakuja, ananunua, anaondoka. Riwaya haitupeleki kijijini kwake kuona anapika nini na anagawia nani. Na chakula ambacho msomaji anakumbuka toka kitabu kile ni gani? Bigburger, ule mgahawa wa Mahesh! Mji wa lituma na pondu, na kinachobaki kichwani ni mkate wenye nyama kutoka ng'ambo. Kwa Conrad ni zaidi: hakuna Mwafrika hata mmoja mwenye jina katika hadithi yake.

Mwingine atasema: basi dawa ni kukaa sana na kujua lugha. Hapana, si rahisi vile. Tippu Tip alikaa katika nchi hizi miaka mingi, na mwaka 1887 Leopold II akamfanya gavana wa Stanley Falls. Kiswahili ninachoandika hapa kilifika kwetu kwa njia ya misafara ya watu kama yeye. Alipozeeka Zanzibar aliandika maisha yake, tena kwa Kiswahili. Lakini alikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na kujua lugha hakukumzuia. Kwa hiyo swali si siku ngapi umelala hapa. Swali ni umemuuliza nani, na umemuuliza nini.

Turudi kwa mgeni wetu wa siku mbili. Wagenia anaona miti mikubwa iliyosimamishwa ndani ya mawe, imefungwa na kamba za msituni, vikapu vikubwa vinashuka katika maji makali. Anaandika "ajabu". Sawa, ni ajabu. Lakini nafasi ile ya kutega ni ya nani? Inarithiwa namna gani? Samaki wanapungua ao hapana? Franga za kuingia zinagawanywa na nani? Dakika 20 za kuuliza zingetosha. Na lituma, yule mama aliyetwanga makemba amenunua mkungu kwa bei gani, na barabara ikiharibika bei inapanda mpaka wapi? Chakula bila bei na bila mpishi ni picha tu.

Tena, kuna siku 6 ambazo hazimo katika maandishi haya. Toka tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu, na mamia ya raia walikufa. Mwaka 2022 mahakama ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa yale iliyotenda katika nchi yetu wakati wa vita. Mgeni anapita karibu na watu waliokatwa miguu siku zile, halafu anaandika ju ya samaki.

Ukitaka kuona kazi inayofanya tofauti, tafuta En route pour le milliard ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, ya mwaka 2020. Yeye pia anapiga picha za mto, za chombo kilichojaa watu, za mvua inayonyeshea abiria. Lakini walio mbele ni wahanga wa vita vile, wanaoshuka mpaka Kinshasa kudai haki yao. Wanabishana, wanacheka, wanachoka. Mto ni uleule wa Conrad, ila humu watu wanajisemea wenyewe.

Sasa sehemu yetu. Wengi wetu njo wanaoombwa kuwatembeza wageni hawa, na mara nyingi tunawaonyesha kile walichokwisha kuona kwenye simu. Tuongeze kituo kimoja, tuongeze maswali matatu. Na wewe mwenye TFC ao memwari ju ya uvuvi wa Wagenia, soko ama vita vya siku 6, inayolala kwenye maktaba ya UNIKIS: toa kurasa mbili, ziandike kwa lugha ya watu, zitume hapa. Mgeni wa mwezi ujao akitafuta "Kisangani" kabla ya kupanda ndege, akutane kwanza na maandishi yako.